Ndevu za Kaneza

Ukuta wa jiko la Consolate ulianza kupungua wakati vita ya pili ilipofika Kiringye, kijiji cha bonde la Ruzizi, na kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile, wa kwanza kushukiwa alikuwa yule asiyeweza kujitetea. Mbuzi.

Mbuzi huyo aliitwa Minista, kwa sababu ya kitambi chake na kwa sababu alikula bila kufanya kazi yoyote inayoonekana. Ndiye peke yake aliyebaki. Wenzake walikwenda na askari, wengine na askari wa upande huu, wengine na askari wa upande ule, maana kwa jambo la mbuzi pande zote za vita zilikuwa na siasa moja.

Basi Consolate, bibi yule wa Kiringye, alitazama ukuta wake wa udongo na kuona tundu, upande wa ndani, karibu na mafiga. Kwanza lilikuwa tundu la ngumi. Akamfunga Minista kwenye mpapai. Tundu likawa la sahani. Akafupisha kamba. Tundu likaendelea kunenepa. Mwishowe akamfunga mbuzi mdomo kwa kipande cha kitenge, na Minista akakaa pale chini ya mpapai akimtazama kwa macho ya mtu aliyetiwa gerezani bila kuulizwa jina. Tundu likafika upana wa ungo.

Ndipo Consolate alipoanza kufikiri, jambo ambalo hakulipenda kulifanya kabla ya kumaliza lawama. Siku moja mchana akachukua jembe, akaaga kwamba anakwenda kwenye mihogo, akazunguka nyuma ya nyumba na kuchungulia mahali moshi unapotokea.

Mjukuu wake Kaneza alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharagwe. Msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu, mpole, mwenye rangi ya mtu aliyesahauliwa ndani ya maji. Mkono mmoja ulichambua. Ule mwingine, bila hata yeye kuutazama, ulikwenda ukutani, ukabandua kipande, ukakipeleka mdomoni. Kaneza akatafuna huku amefumba macho, kama mtu aliyealikwa kwenye arusi.

"Kaneza," bibi akasema kupitia tundu la moshi. "Njo weye unakula nyumba yangu?"

Msichana hakushtuka. Kushtuka kunataka nguvu.

"Nyogokuru, iko na harufu ya mvua."

"Mvua gani? Tuko kiangazi."

"Ile mvua ya kwanza, ikigusa vumbi. Nikiisikia siwezi kuacha." Akameza, akaongeza kwa heshima, "Na hii ukuta ya jiko iko tamu kupita ile ya chumba."

Hapo Consolate akajua kwamba ile ya chumba pia ilikwisha kuonjwa.

Siku nyingine angemchapa. Lakini mkono haukuinuka, kwa sababu kulikuwa na jambo lingine juu ya msichana huyu lililokuwa likimnyima bibi usingizi, na sasa aliona kwamba mambo hayo mawili ni mtu na ndugu yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bunduki zikisikika upande wa Runingu, watu wa Kiringye walikuwa wanakimbilia milimani. Kila nyumba ilijua zamu yake: nani anabeba sufuria, nani anabeba mtoto, nani anabeba godoro. Walikimbia vizuri, watu wale. Walikuwa na mazoezi. Isipokuwa Kaneza. Yeye alikwenda mpaka kwenye migomba ya jirani, akashika kifua, akakaa chini. Alisema moyo unapiga ngoma na miguu imemwagika. Basi baba yake, Jean-Berchmans, akawa anaacha sufuria, anaacha godoro, anampakia binti yake kwenye toroli la kubebea matofali na kumsukuma kupanda mlima, msichana mzima, magoti yamemfika masikioni, wakati vitoto vya majirani vinampita vikimpungia mkono.

Mama yake Kaneza alikuwa amevuka Ruzizi na wadogo zake tangu vita ya kwanza, akabaki kwa ndugu zake kule Cibitoke. Kaneza walimwacha amsaidie bibi. Sasa aliyekuwa akisaidiwa ni nani, kila mtu aliona. Consolate mwenyewe, na goti lake bovu, alikuwa anafika kileleni kabla ya mjukuu, na hakuna aibu kubwa kama bibi kumshinda mjukuu mbio.

Mara ya mwisho walikuwa nyuma ya watu wote, na risasi ilipita ikakata jani la mgomba juu ya toroli. Jani likamwangukia Kaneza kichwani kama kofia. Watu walicheka sana walipomwona anafika nalo. Jean-Berchmans hakucheka. Alilala chini kifudifudi, na alipotaka kuinuka mgongo ukakataa. Akamwambia mama yake, polepole, uso kwenye majani, kwamba toroli amelisukuma kwa mara ya mwisho. Wakija tena, Kaneza atakimbia kwa miguu yake, au watabaki naye wote watatu.

Ndiyo maana Consolate hakumchapa. Alimshika mkono mla nyumba wake, akampeleka kwa Mama Marie-Jeanne, muuguzi wa santre, kile kituo cha afya chenye chumba kimoja na nusu. Nusu nyingine ilikwenda na bomu.

Mama Marie-Jeanne alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio mbali. Alivuta kope ya chini ya Kaneza. Akamwonyesha bibi.

"Tazama huku ndani. Inatakiwa kuwa nyekundu. Hii iko nyeupe sawa muhogo."

Akatazama viganja, akatazama kucha, akasikiliza moyo. Akauliza habari za hedhi, Consolate akatazama dari kwa adabu, na dari haikuwapo. Kisha akaeleza. Damu ya mtoto imekosa chuma. Msichana anakua haraka, kila mwezi damu inatoka, chakula ni bugali mtupu, na minyoo ya kutembea bila viatu inanyonya kile kidogo kinachobaki. Mtu aliyekosa chuma mara nyingi anatamani udongo, lakini udongo haumlipi kitu. Unamwongezea minyoo tu na kuziba njia ya chakula chenyewe.

Akatoa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Kimoja kila siku, na maji ya limau. Kisilale tumboni pamoja na chai. Choo kitakuwa cheusi, wasiogope. Na wasiache akipata nafuu; waendelee mpaka mahindi yanayopandwa mvua ikianza yawe yamevunwa.

Kaneza alitazama vidonge na machozi yakamlenga. Hivyo ni vya wanawake wenye mimba, alisema, kila mtu shuleni anajua. Msichana akionekana navyo, kesho watamuuliza baba wa mtoto ni nani. Mama Marie-Jeanne akapumua kwa nguvu. Alisema ana debe zima la vidonge hivyo, na shule nzima ya wasichana wenye macho ya muhogo, na tangu mwaka uliopita hakuna hata mmoja aliyekubali kwa sababu ya maneno hayo.

"Atameza," Consolate akasema. "Atakayeuliza baba wa mtoto, aje kwangu."

Chai kidogo ilete vita ya tatu. Consolate alikuwa akinywa chai na kila kitu, hata na maharagwe, na alitaka kujua chai imewakosea nini watu wa serikali. Akaambiwa chai inakunywa chuma kabla mtoto hajakipata. Akakubali kwa shingo upande: chai saa yake, chakula saa yake. Mchicha, ile lenga-lenga, alikubali. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, na limau, alikubali. Maharagwe, yalikuwapo.

"Na maini," akasema muuguzi. "Hata kipande kidogo, kila soko."

"Ngombe hazishuki tena kutoka Mulenge."

"Basi ya mbuzi."

Consolate akakaza fundo la kitenge chake.

Consolate alizaliwa katika watu ambao kwao msichana hali mbuzi. Si suala la kupenda. Msichana akila mbuzi anaota ndevu. Aliyajua haya kwa mama yake, aliyeyajua kwa mama yake, na ushahidi ulikuwepo: shangazi mmoja wa ukoo, huko zamani, alionja mchuzi wa mbuzi arusini, na kabla ya mavuno padre akimpa komunyo alimwita bwana.

Mama Marie-Jeanne akacheka mpaka kiti kikalia. Alisema yeye anakula mbuzi tangu alipokuwa msichana anasoma Bukavu, mishikaki, maini, supu, kichwa. Akanyoosha shingo juu ya meza.

"Gusa mwenyewe, mama. Gusa kidevu."

Ilikuwa kosa. Consolate hakuona vizuri vitu vya karibu, lakini vidole vyake vilichambua mchele miaka hamsini. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akasimama mahali. Akavuta. Muuguzi akaguta. Bibi akainua unywele juu ya mwanga wa dirisha, mweusi, mgumu, mrefu kama mguu wa panzi.

"Na hii?"

"Hiyo ni umri, mama."

"Iko na ndugu zake wawili hapo chini," akasema Consolate, akausokota unywele ndani ya pindo la kitenge chake, kama ushahidi.

Wakashika njia ya nyumbani. Kaneza alikaa chini mara nyingi, bibi akasimama juu yake kumkinga jua, akafikiri. Upande mmoja aliweka ndevu. Upande wa pili akaweka jani la mgomba lililokatwa na risasi. Mtoto laini asiyekimbia. Mtoto mwenye ndevu anayekimbia. Kisha likamjia wazo la tatu, ambalo lingekuwa la kipumbavu wakati wa amani. Akawaza wale askari wa kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, wanaowasimamisha wasichana wanaotoka shule na kuwauliza majina na njia ya kwao. Je, wangemsimamisha msichana mwenye ndevu? Wangempigia saluti.

Alipofika nyumbani alimfungua Minista mdomo, akamwomba msamaha mbele ya watu kwa habari ya ukuta, akampa maganda ya ndizi. Halafu akamwita Octave, mchinjaji wa soko. Huyu mbuzi alitangazwa hana hatia asubuhi, na jioni alikuwa kwenye sufuria; wakubwa wengi wamekwisha kwa namna hiyo. Mapatano yalikuwa rahisi: Octave alichukua nyama na ngozi, akaacha maini, na akaahidi kwamba kila siku ya soko ataweka kando kipande cha maini kwa ajili ya nyumba hii kabla komanda hajatuma mtu kuja kuchukua ya kwake.

Consolate aliyapika mwenyewe, na kitunguu na lenga-lenga. Mkwe wake angekuwepo angeshangaa, maana bibi alikuwa haachi mtu mwingine akaribie ile sufuria. Aliipika kama dawa, akikoroga, akionja chumvi, akifikiri, akionja tena.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ilikuwa na ibada mbili. Kwanza sala. Pili kidevu. Consolate alimkalisha Kaneza mlangoni penye mwanga, akashika kipande cha kioo kilichovunjika, akapapasa. Alikwisha kumnyang'anya Jean-Berchmans wembe wake na kuuweka juu ya kabati, tayari. Jean-Berchmans, ambaye mgongo wake ulikuwa unapona kidogo kidogo, alilalamika kwamba sasa mwenye ndevu halisi ndani ya nyumba hana cha kunyolea. Akaambiwa asubiri zamu. Katika sala za jioni bibi alimwomba Mungu kwamba, ikiwa ndevu ni lazima zije, zije sawasawa pande zote, si kama zile za katekista, ambazo zimeota kama shamba la mtu mvivu.

Kaneza alimeza kidonge chake na limau, akakunja uso. Mara ya kwanza alipotoka msalani akatangaza kwamba ni kweli, iko nyeusi, Consolate aliipokea habari kama ushindi wa jeshi lake. Ukuta ulizibwa na udongo mpya uliochanganywa na mavi ya mbuzi yaliyobaki chini ya mpapai, ili usiwe na ladha. Bado msichana aliunusa akipita. Kisha akawa anapita tu.

Habari za kijiji hazina bariyeri. Haikuchukua muda shule nzima ikajua kwamba Kaneza anapewa dawa ya kuota ndevu. Wa kwanza kufika alikuwa Arakaza, aliyekuwa akisinzia darasani mpaka mwalimu akamzoea kama kiti. Alikuja na rafiki yake Délice, mla chaki mashuhuri. Walikaa kwenye mkeka, wakakitazama kidevu cha Kaneza kwa hamu.

"Itafika wapi?" Arakaza akauliza.

"Nyogokuru anasema mpaka hapa," akasema Kaneza, akijishika kifuani, kwa maana mtu akishapewa sifa ni vigumu kuipunguza.

Délice akasema yeye hataki ndefu. Anataka fupi tu, za kumtosha askari kwenye bariyeri. Wakauliza kama lazima mtu awe na bibi, au kidonge peke yake kinatosha.

Kesho yake walikuwa santre. Siku iliyofuata walikuja na wenzao. Mama Marie-Jeanne alifungua lile debe lake, akawavuta kope mmoja mmoja, akawatenga wenye muhogo na wasio na muhogo, akaeleza habari za chuma, limau, chai na minyoo. Walitikisa vichwa. Mwishowe mmoja akauliza ndevu zinaanza lini. Muuguzi akaapa kwamba hakuna ndevu, hazikuwahi kuwapo, ni damu tu. Wasichana wakakonyezana. Mtu wa serikali alisema kweli lini? Wakameza. Na hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za mimba, kwa sababu kila mtu alijua wanameza kwa ajili ya nini.

Mvua ikaja, mahindi yakasimama. Kidevu cha Kaneza kilibaki laini kama yai, jambo lililomfanya Consolate aanze kumshuku Octave kwamba anampa maini ya kondoo. Lakini viganja vya msichana vilikuwa vimepata rangi, na siku moja bibi alimkuta anabeba ndoo mbili kutoka mtoni huku anaimba. Akamwambia anyamaze, asijitangaze. Alikuwa anaogopa kufurahi kabla ya wakati. Ndoo si risasi.

Wakati ulifika siku ya soko, watu wamejaa, Octave kisu mkononi. Bunduki zikalia upande wa Runingu, kwanza kama mtu anayekohoa, halafu kama kifua chote. Soko likafumuka. Consolate alikuwa nyumbani na Jean-Berchmans. Mwanaume, kwa mazoea, akalikimbilia toroli. Akalifikisha mlangoni, akaita jina la binti yake.

Kaneza hakuwapo.

Walimwona juu, mbali, amekwisha kupita migomba ya jirani, amepita hata vile vitoto vilivyokuwa vikimpungia mkono, miguu inakwenda kama ya paa. Jean-Berchmans akaachia mikono ya toroli. Alisimama tu, anatazama, bunduki zinalia nyuma yake, na machozi yanaingia kwenye ndevu zake ambazo hazijanyolewa tangu kiangazi.

Consolate naye alitazama. Na kwa kuwa alikuwa anatazama juu, hakutazama chini. Akakanyaga kamba ya marehemu Minista iliyobaki pale kwenye mpapai, na goti bovu likageuka upande usio wake. Akakaa chini.

"Nendeni," akasema. "Miye nimefika."

Mwanawe akajaribu kumwinua, mgongo ukamkumbusha ahadi yake. Wakawa pale wawili, mmoja hawezi kuinuka, mwingine hawezi kuinama. Ndipo waliposikia miguu inarudi kuteremka. Kaneza alifika amekasirika, hata hahemi sana. Alimshika bibi kwapani, akampakia kwenye toroli kama gunia la mihogo, akaweka sufuria juu ya mapaja yake.

"Shika vizuri, nyogokuru. Na usiongee."

Ombi la pili halikuwezekana. Consolate aliongea mpaka milimani. Alimwambia apite kushoto, akwepe jiwe, apunguze mwendo, aongeze mwendo. Walimpita katekista. Walimpita Octave na kisu chake. Waliwapita Arakaza na Délice, waliokuwa wakikimbia vizuri na wao, na ambao waliwapungia mkono. Jean-Berchmans alifuata nyuma, amejishika kiuno, anacheka peke yake kama kichaa. Magoti ya Consolate yalikuwa yamemfika masikioni, na kwa mara ya kwanza alielewa ni kwa nini mjukuu wake alikuwa haongei ndani ya toroli.

Kule juu, nyuma ya jabali walilozoea, watu walihesabiana na hakuna aliyekosekana. Bunduki zilikuwa zimebaki chini na mambo yake. Kaneza alikaa karibu na toroli, akanywa maji, jasho linang'aa usoni. Bibi akanyoosha mkono, akamshika kidevu, akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Hakuna kitu.

"Hata moja," akasema, na katika sauti yake kulikuwa na huzuni kidogo, kwa sababu ya wembe na kwa sababu ya askari.

Kaneza akamgeuzia uso kwenye mwanga kumjibu. Kisha akakodoa macho. Akainama karibu zaidi. Akanyoosha vidole viwili, akashika kitu chini ya mdomo wa bibi yake, akakivuta polepole, na kilikuwa kirefu, cheupe, kigumu, na hakikuwa peke yake.

"Nyogokuru," akasema. "Weye iko na ndevu."

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Consolate akafunika kidevu kwa kitenge mpaka puani.

"Nilikuwa naonjaka chumvi tu," akasema.